Watu wa Matete

Bibi Kristina aliishika ile hostia kwa vidole viwili, akaipapasa pande zote kama muuza duka anayekagua noti, akainusa, kisha akamrudishia Katekista Alois.

"Alois mwanangu," alisema, "huu mkate."

"Ni Mwili wa Kristu, bibi."

"Ni mkate. Tena umekauka. Unga wa ngano naujua mimi, nimewakandia mapadri wa Kizungu jikoni kwao wewe hujazaliwa. Yesu yuko kwa Baba yake. Castory ametusomea."

Alois alikuwa mtu mpole. Alikuwa amepanda mlima kutoka kigangoni kwenye ukungu na utelezi, amevaa koti la mvua la mtumba lenye maandishi ya nchi asiyoijua, ili mgonjwa kipofu asikose komunyo. Hakuwa tayari kubishana na bibi kizee kitandani. Aliikunja ile hostia katika kitambaa chake cheupe, akatoka chumbani. Sebuleni alimkuta Castory, mkwe wa bibi, amekaa kwenye kiti chake cha mbao ameegemea ukuta wa matete.

"Umesikia?" Alois alimuuliza.

"Nimesikia."

"Umemponza mama wa watu, Castory." Akainama kupita mlangoni, akashuka zake.

Kufikia siku ya gulio, wauza kabichi na wauza njegere wote wa Kihambwe walikuwa na habari moja tu mdomoni. Bibi Kristina kairudisha komunyo! Waliokuwa wakikwaruzana na madereva wa malori ya Dar es Salaam kuhusu bei ya gunia waliacha kidogo kukwaruzana wakasikiliza.

Castory hakuwa mtu wa milima hii. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge aliyefanya kazi kiwanda cha maturubai mjini Morogoro mpaka serikali ilipojitoa kwenye biashara na geti likafungwa kwa mnyororo. Wenzake wengine walienda kubahatisha kazi kiwanda cha Mzinga, wengine wakauza karanga stendi. Yeye alimfuata mkewe Filomena kwao, juu Uluguru, akiwa na begi, godoro, na kiti kilichotoka shule ya Mazimbu wale wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliporudi kwao. Huku ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume anayeoa akahamia kwa mkewe ni mgeni anayelima, na atabaki mgeni hadi afe, hata akilima vizuri namna gani. Castory alilima vizuri.

Kitabu alikinunua mnadani, kwenye turubai moja na masufuria na viatu vya mtumba. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu akiuza kila kitu, na Neno la Mungu nalo lilikuwa na bei ya kupatana. Alianza kusoma peke yake jioni. Kisha mama mkwe wake, aliyekuwa haoni tangu mvua za miaka ile ya njaa, akaomba asomewe.

Lakini mkwe ni mkwe. Mwanamume haingii chumbani kwa mama mzaa mkewe, hamtazami akila, hakai naye kwenye mkeka mmoja. Basi Castory alikaa sebuleni kwenye kiti chake, naye Bibi Kristina alikaa kitandani kwake, katikati pamesimama ukuta wa matete uliokandikwa udongo usiofika darini. Castory alisoma kwa Kiswahili, kisha akajaribu kuligeuza neno kwa Kiluguru chake cha kubabaisha, na upande wa pili fimbo ya bibi iligonga matete: ko! Maana yake, hivyo hatusemi. Bibi alilisema mwenyewe lile neno kwa Kiluguru kilichonyooka, cha zamani, na akishalisema halikumtoka tena. Alikuwa na sura nzima nzima kichwani. Injili haikuwa imewahi kusikika hivyo katika nyumba ile, na wakati mwingine Castory mwenyewe alipomsikiliza alipata machozi, akashukuru kwamba ukuta upo.

Vibibi vya jirani vikaanza kuja kukaa na mgonjwa, akiwemo Martina, shoga yake wa tangu usichana. Wanaume wawili watatu wakaja sebuleni. Wakaanza kuulizana. Kwani misa ya marehemu inawekewa sadaka ya kiasi fulani, imeandikwa wapi? Kwani mkate si mkate? Vibibi havikuwa na shari, vilikuwa na maswali tu, lakini mtu akishauliza swali la namna hiyo anachelewa kutoa sadaka. Watu wakawaita Watu wa Matete. Kwanza ilikuwa utani. Kisha walokole wenye vipaza sauti wakafungua kanisa lao chini barabarani, wakaondoka na nusu ya kwaya ya kigango, na halmashauri ya parokia ikaacha kucheka.

Filomena hakuwahi kukaa kusikiliza. Kila jioni alikuwa jikoni akiwachemshia wageni hao chai na mihogo. Kuna mtu lazima awe jikoni, hata Injili ikisomwa.

* * *

Eustace alifika Ijumaa na pikapu yake. Alikuwa kaka yake Filomena na mtoto wa kiume pekee wa Bibi Kristina, na mjini Morogoro alikuwa na marobota ya mitumba na kibanda cha kuuzia simenti. Alishusha blanketi jipya, sukari, mikate na katoni ya sabuni. Alivipanga vyote sebuleni mahali ambapo kila mpitanjia angeviona, kisha akaingia kwa mama yake. Alipotoka uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira.

"Shemeji," alisema bila kuketi, "mimi nimemwambia mama apokee. Nimempigia magoti. Anasema Castory amesoma. Nikimwambia Kanisa linasema hivi, Castory amesoma. Nikimwambia baba alikufa katika imani hii, Castory amesoma. Mimi niliyenyonya ziwa lake!"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nikae wapi? Kiti ni kimoja, umekikalia wewe."

Castory akasimama. Eustace akakikalia kile kiti kutoka Mazimbu, akakichezesha, kikatoa mlio.

"Halmashauri imekaa jana," Eustace aliendelea. "Jumapili kila aliyekuwa akija hapa ataleta mzigo wa kuni, atautua mlangoni mwa kanisa, atasema mbele ya waumini kwamba ameacha. Kuni zenyewe za jiko la misheni, si jambo la kutisha. Wewe utaanza."

"Na mama?"

"Mama hawezi kutembea, atasema hapo hapo kitandani, padri anakuja kesho. Asiposema, hapati mpako wa wagonjwa, hapati misa, hazikwi misheni." Sauti ilimshuka. "Shemeji, mama anakufa. Unamsikia anavyopumua? Baba yuko misheni pale chini ya miti ya misindano, nafasi ya pembeni yake tumeiacha miaka yote hii. Leo mama nikamfukie migombani kama mtu asiye na kwao?"

"Mimi simzuii."

"Ndiyo, humzuii. Umeshamaliza kazi. Sasa mwambie ulisoma vibaya."

"Sikusoma vibaya."

"Mwambie hivyo hivyo!" Eustace alisimama, akatazama darini, akatazama mlango. "Nyumba hii uliikuta, Castory. Makinga maji yale ya shambani uliyakuta. Pendo ni mwanao, sawa, lakini mimi ndiye mjomba wake, na siku akiolewa mahari nitapokea mimi. Sikutaka kufika huko. Wewe ndiye unayenifikisha."

Filomena alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe, chai inapoa. Aliyasikia yote, na aliona aibu kwa ajili ya mumewe, na aliona aibu vile vile kwa ajili ya kaka yake, na hakujua aweke wapi sinia.

* * *

Kabla jua halijazama mume na mke walikuwa shambani wakikata kabichi, maana lori la kesho halimsubiri mwenye mgonjwa.

"Mwambie, baba Pendo," Filomena alisema bila kuinua uso.

"Na wewe?"

"Mimi mambo ya mkate na si mkate siyajui. Mimi najua kengele. Alipokufa baba kengele ya misheni ilipigwa, watu wakasikia mpaka ng'ambo ya mto, wakaacha majembe. Nilikuwa mtoto, nikajua baba yangu alikuwa mtu. Nataka mama naye apigiwe."

"Nitakuwa nimemdanganya mtu anayekufa."

"Hatajua."

"Hilo ndilo baya lake."

"Baba Pendo, anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi niliyemwogesha jana. Kuna siku niliona wivu, nakwambia kweli. Basi hiyo imani yake itumie kwa kitu kimoja tu. Mpe kaburi lake."

Castory alikata kabichi nyingine, akaikagua, akaitupa kwenye lundo. Alikuwa mtu wa busara ya kiwandani: msimamizi akisema mashine ni nzima, unasema ni nzima, na moyoni unajua unachojua. Alijiambia kwamba maneno ni maneno. Bibi atasema mdomoni walichotaka wasikie, na ndani atabaki na yake, kama yeye atakavyobaki na yake. Mungu anaona ndani.

Hapo ndipo alipokosea. Yeye alikuwa na kitabu, angeweza kukifungua kesho yake akakuta kila neno mahali pake. Bibi Kristina alikuwa na sauti ya Castory tu.

"Sawa," alisema. Filomena alilia, na alipolia hakuacha kukata kabichi.

* * *

Padri Ignas alifika Jumamosi mchana pamoja na Alois. Alikuwa kijana wa kutoka pande za Ifakara, mwenye miwani, mwaka wake wa kwanza parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," waliitikia wote, na Castory pia.

Filomena alikuwa bado anambadilisha mama yake kanga, kwa hiyo wanaume walingoja upenuni. Padri alifuta miwani yake. Alionekana mtu ambaye hakulala vizuri.

"Mzee Castory, hili la kuni si wazo langu," alisema. "Wameniletea limeshaamuliwa. Na tangu waniambie nafikiri jambo moja. Seminarini tulisoma habari za Waingereza fulani, miaka mia sita iliyopita. Waliitwa Walolladi. Wafumaji, mafundi viatu, vikongwe. Walisoma Injili kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa kujificha, majikoni. Wasiojua kusoma waliikariri. Nao walisema mkate ni mkate, na walisema misa ya wafu isilipiwe."

"Walikuwa na kiti kama changu?" Castory aliuliza. Alois alicheka, akajizuia.

"Walipokamatwa, wale waliokana walibebeshwa mzigo wa kuni mpaka kanisani, watu wawaone."

"Na wasiokana?"

Padri aliivaa miwani. "Hao walichomwa. Kuni ndizo zilizokuwa zikiwakumbusha hilo," alisema. Kisha kwa haraka: "Sisi siyo hao, mzee. Hizi ni za kupikia maharage."

"Najua, padri. Maharage lazima yaive."

"Kitabu utanikabidhi. Na utaniahidi kwamba humo ndani hutafundisha tena. Nikishapata ahadi yako nitaweza kuwatuliza wa halmashauri."

Castory alikitoa kitabu kwapani, akampa. Jalada lilikuwa limelainika kwa jasho la mikono yake. Padri alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa watu, asijue akiweke wapi, mwisho akakitia mfukoni mwa kanzu.

Wakaingia. Padri, Alois na Eustace waliingia chumbani kwa mgonjwa. Castory alibaki upande wake, akakaa kwenye kiti, mgongo kwenye matete.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Leo mapema, hata kuku hawajaingia bandani."

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa na furaha. Alidhani mkwe amekuja kumsomea.

Castory alimweleza kwa Kiluguru. Alimwambia kwamba kitabu alikisoma visivyo. Kwamba kuna mahali aliruka na kuna mahali aliongeza ya kichwani mwake. Kwamba walivyosema kuhusu mkate, na kuhusu wafu, havikuwa vya kitabu, vilikuwa vyake. Alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi na alitaka yatoke haraka yaishe.

Kisha fimbo ikagonga: ko!

Castory alifumba macho. Alirudia. Ulimi ulimkwama pale pale pa kwanza.

"Hivyo hatusemi," Bibi Kristina alisema kwa upole, na akamsahihisha. Aliusema ule uongo wa Castory wote, neno kwa neno, kwa Kiluguru kilichonyooka, cha zamani, kama alivyokuwa akizisema heri za Mlimani. Upande ule Eustace alijifuta uso. Padri Ignas, ambaye Kiluguru hakijui, alidhani bibi anasali.

"Hivyo ndivyo ulivyotaka kusema?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ulisoma visivyo."

"Nilisoma visivyo."

Bibi alimgeukia padri. "Basi," alisema kwa Kiswahili sasa, ili padri aelewe. "Kama kitabu hakisemi, mimi ni nani niseme? Baba padri, nipe hicho chako."

Akapewa. Akapakwa mafuta. Kila kitu kilifanyika kwa utaratibu wake, na padri alisali vizuri, kwa sauti ya mtu anayemaanisha. Baadaye Eustace alitoka kumsindikiza hadi kwenye pikapu, Alois akifuata na mkoba. Filomena alibaki amepiga magoti kando ya kitanda. Castory alibaki kwenye kiti.

Ko! Fimbo iligonga, polepole.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Na yule kipofu?"

Castory alijua ni yupi. Alikuwa mwombaji aliyeketi kando ya njia, watu wakamkaripia anyamaze, naye akazidi kupaza sauti hadi akasikiwa. Bibi alimpenda huyo kuliko mitume wote. Mvua zikinyesha na mifupa ikimuuma alikuwa akijisimulia habari zake mwenyewe, sauti ya chini, kama mtu anayemwimbia mtoto alale.

"Yule naye uliongeza wewe?" Bibi Kristina aliuliza.

Castory alifungua mdomo. Mlangoni Eustace alikuwa amerudi, amesimama na kidole juu ya midomo, macho yanamwomba. Nje injini ya pikapu ilikuwa bado inanguruma, na padri akiwa ndani yake na kitabu mfukoni. Akisema yule ni wa kweli, bibi atauliza na mwingine, na mwingine, hadi wafike tena kwenye mkate. Na Jumapili bado haijafika. Na ahadi ameitoa sasa hivi. Yote hayo yalimpita kichwani.

"Pumzika, mama," alisema.

"Naye pia," alisema Bibi Kristina. "Basi."

"Yupo, mama!" Filomena alisema. "Yule yupo, kila mtu anamjua yule!"

"Wewe ulisoma wapi, mwanangu?" mama yake alimuuliza bila ukali. Akanyoosha mkono, akasukuma fimbo ikaanguka chini. "Iondoeni hii. Sina tena cha kugonga."

Akageuka akaupa ukuta wa matete mgongo. Hakusema tena, si kwa Kiluguru, si kwa Kiswahili. Alifariki alfajiri ya Jumapili, ukungu ukiwa bado uko mlangoni, wakati Filomena anamchanganyia uji.

* * *

Kuni na maziko vikaangukia Jumapili hiyo hiyo. Eustace alitaka kuomba la kuni liahirishwe, halmashauri ikasema hapana, ndiyo vizuri watu watakuwa wengi.

Mwanamume wa Uluguru akibeba kuni hubeba begani, magogo mawili matatu. Kichwani ni kwa wanawake. Lakini agizo lilisema kichwani, wote sawasawa. Castory hakuwa amewahi kubeba kuni kichwani, na mzigo ulimponyoka mara mbili uani kwake, watoto wa jirani wakitazama. Filomena, amejifunga kaniki ya msiba, alivua kitambaa chake cha kichwa, akakisokota kuwa ngata, akaiweka utosini mwa mumewe kwa mikono yake. Kisha akamtwika.

"Shingo inyooke," alimwambia. "Usitazame chini."

Alishuka hivyo mlima mzima. Waliokuwa wakienda misani walimpisha njia. Wengine walimsalimu na wengine walijifanya wanafunga viatu. Mama mmoja alicheka, na aliyekuwa naye akamkanya, "Kafiwa huyo." Mlangoni mwa kanisa alitua mzigo, akasema mbele ya watu kwamba mafundisho aliyoyafundisha nyumbani kwake ameyaacha na anaomba asamehewe. Alisema kwa Kiswahili, na hakuna aliyemgongea.

Baada yake walikuja wengine. Martina alikuja wa mwisho, na kijimzigo cha kuni nyembamba kinachotosha chai ya mtu mmoja.

"Umeacha nini, bibi?" mwenyekiti wa halmashauri alimuuliza.

"Nimeacha kwenda kwa Castory. Nimwendee nani? Aliyekuwa anatusemea ndiye huyo mmemweka kwenye sanduku."

Watu waliguna. Mwenyekiti akaona afadhali ampitishe.

Misa ilikuwa ndefu na nzuri. Kengele ilipigwa, ikapigwa, ikavuka mto, ikafika kwenye vilele vya pili, na Filomena alisimama kando ya kaburi la baba yake akiisikiliza. Alikuwa ameingoja kengele hiyo tangu utoto. Alipoisikia aliona haimtoshi, na hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Wageni walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, maana Eustace ana jina mjini, na pikapu yake ilikuwa ikishuka na kupanda tangu alfajiri. Kuni za msibani ziliisha kabla maharage hayajaiva. Padri Ignas akaruhusu zile za mlangoni zipelekwe, na wanawake wakazibeba tena kichwani kuzipandisha kule kule zilikotoka. Eustace alitoa shukrani, akawataja wote, na mwishoni akamshukuru shemeji yake, "aliyerudi kundini." Castory alipewa sahani ya maharage yaliyoivishwa kwa kuni zake. Alikuwa hajala tangu jana yake, na aliimaliza.

* * *

Matanga yakaanuliwa, wageni wakatawanyika, Eustace akarudi kwenye marobota yake. Hakutaja tena nyumba wala makinga maji. Alimwachia Castory blanketi lile jipya.

Filomena alikwenda kwa Martina kisimani, akamwomba amwambie yale ya kipofu kama mama yake alivyokuwa akiyasema. Martina alijitwisha ndoo yake.

"Mimi nimeacha, mwanangu," alisema. "Si mlinisikia?" Akaondoka.

Jioni ile Castory alikaa kwenye kiti chake kwa mazoea tu. Mikono aliiweka magotini kwa sababu haikuwa na cha kushika. Upande wa pili Filomena alikuwa akifagia chumba cha mama yake. Castory alisikia ufagio ukisimama. Kisha akasikia matete yanagongwa: ko!

Akageuka kwenye kiti.

"Ni mimi," Filomena alisema kutoka kule. "Yule kipofu. Mseme."

"Kitabu kiko kwa padri, mama Pendo."

"Si umemsoma miaka yote? Mseme. Nilikuwa jikoni mimi, sikupata hata siku moja kusikia mpaka mwisho."

Castory alimsema kwa Kiswahili, jinsi yule mtu alivyoketi akiomba, akasikia kishindo cha watu wanaopita, akauliza kuna nini.

Ko!

"Siyo hivyo. Kwa Kiluguru. Kama mama."

Alijaribu. Neno la kwanza lilikuja, la pili likaja la Kipogoro, la tatu halikuja kabisa. Alingoja. Siku zote alipofika hapo alikuwa akingoja kidogo, na upande wa pili neno likasemwa, naye akaendelea. Hakuwa amewahi kulihifadhi hata moja. Hakuona haja, mwenye kuyahifadhi alikuwa pale pale nyuma ya matete.

"Endelea," Filomena alisema.

"Ningojee."

Filomena alivuta kitanda kitupu karibu na ukuta, akakaa, fimbo ya mama yake mapajani, akamngojea. Nje kuku walikuwa wakiingia bandani.